Panno kubwa za barabarani: koefisienti ya upepo gani?

Mvua ya kwanza ya mwaka, huku kwetu Katanga, haifike polepole. Upepo njo unatangulia. Vumbi inasimama, manjanja zinalia, na kila mutu anatafuta pa kujificha. Mama anayeuza mikate kwenye areti, kijana wa takisi-moto, mufanyakazi anayengojea bisi ya kampuni: wengi wanakimbilia chini ya panno kubwa ya matangazo, kwa kuwa njo kivuli kilicho karibu. Na ni dakika ile ile panno inapigwa na upepo kuliko siku zingine zote za mwaka.

Panno hizo zimekuwa nyingi. Toka Lubumbashi kwenda Likasi mupaka Kolwezi, karibu kila ronpwe kuko moja: bia, simu, benki, simenti, hata picha ya mukubwa wa siasa. Tunasoma maneno yaliyo juu, lakini miguu yake hatuiangalie. Leo nataka tuangalie ile miguu, na namba moja inayoandikwa, ao isiyoandikwa, katika plani yake: koefisienti ya usalama. Maoni yangu ni haya: namba ile haina maana yoyote mupaka mwenye panno aseme ni ya upepo gani. Na mwenye kuichagua asiwe mwenye matangazo peke yake, kwa sababu si yeye anakaa chini.

Namba ambayo muchimbaji anaijua tayari

Mutu wa mugodi hahitaji kufundishwa sana hapa. Anayeshuka ndani ya shimo kwa kaji, kama kule Kipushi ambako shimo kubwa linapita metre 1 200, anajua kable haichaguliwe kwa kubeba uzito wa kaji na watu tu. Kama vyote pamoja ni tona 10, hakuna atakayekubali kushuka kwa kable inayokatika kwa tona 11. Sheria ya migodi ya Marekani, kwa mufano, inadai kable ya kaji inayojizungusha kwenye ngoma iwe na nguvu karibu mara 7 ya muzigo kwa shimo fupi. Namba inashuka polepole kadiri kable inakuwa ndefu, mupaka mara 4 kwa kable inayopita metre 914. Ile mara 7, ile mara 4, njo koefisienti ya usalama.

Sasa mutu atauliza: kama kable iko na 7, juu ya nini mainjenia wa panno wanasema 1,5 inatosha? Maisha ya mutu wa barabarani iko bei ya chini? Hapana. Kwa kable, wanahesabu muzigo wa kila siku, ukiwa umetulia. Mushtuko wa kuanza na wa kusimama, kukunjika kwenye gurudumu, kuchakaa, kutu: vyote vimefichwa ndani ya ile 7. Kwa panno, hawaanze na upepo wa kila siku. Wanaanza na upepo mukali sana, ule unaongojewa, kwa wastani, mara moja kwa miaka 50. Halafu juu yake wanaongeza 1,5. Njo desturi ya kanuni za ujenzi za Ulaya.

Kwa hiyo 1,5 juu ya upepo wa miaka 50 ni kitu kimoja, na 1,5 juu ya upepo wa siku ya kawaida ni kitu kingine kabisa. Karatasi mbili zinaweza kuandika namba ile ile, panno moja ikasimama na ingine ikalala juu ya watu.

Upepo, baramini na betoni

Nguvu ya upepo haipande sawa na mbio yake. Mbio ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara ine. Tuchukue panno inayojulikana sana, ile ya metre 4 kwa 3. Upepo wa kilometre 72 kwa saa unaisukuma kwa nguvu ya kilo 540 hivi. Upepo wa kilometre 108, kilo 1 200. Upepo wa kilometre 144, zaidi ya kilo 2 100. Ni hesabu ya hewa ya kando ya bahari. Huku kwetu juu, hewa iko nyepesi, na nguvu inapungua kama sehemu moja kwa kumi. Ni akiba ndogo, tuiache ilale pale pale.

Zile kilo 1 200 hazisukume chini, kwenye mguu. Zinasukuma katikati ya panno. Kama ukingo wa chini uko metre 4 juu ya udongo, katikati yake iko metre 5 na nusu. Kila mutu aliyekwisha kung'oa jiwe kwa baramini anajua maana yake: baramini ikiwa ndefu, mutu mumoja anageuza jiwe lililoshinda watu watano. Panno njo baramini, upepo njo mikono, na jiwe ni betoni ya musingi.

Tuhesabu pamoja, kwa upepo wa kilometre 108. Chuma yote, mguu na panno, tuseme ni kilo 800. Betoni imeshuka metre moja chini. Fundi wa kwanza anachimba shimo la metre 1,20 kila upande. Kwa macho ya mupita njia, lile shimo ni kubwa, na betoni yake inafika tona 3 na nusu. Lakini ukiweka kwenye mizani nguvu inayogeuza na uzito unaozuia, uzito unafika sehemu moja tu kwa tatu ya kile kinachotakiwa. Koefisienti ni 0,3. Kama ni uzito peke yake unaozuia, panno ile inageuka kwa upepo wa kilometre 60 kwa saa. Ule si upepo wa miaka 50.

Fundi wa pili anachimba metre 2 kila upande. Koefisienti inapanda mupaka 1,3. Anasimama, lakini hajafika. Fundi wa tatu anachimba metre 2,20. Koefisienti inakuwa 1,7. Kati ya wa pili na wa tatu, tofauti ni sentimetre 20 kila upande. Ukigeuza ile tofauti kuwa betoni nzuri, ni mifuko sita hivi ya simenti, pamoja na muchanga na mawe yake. Mifuko sita, njo inatenga panno yenye usalama na panno ya kubahatisha.

Kuko watakaosema: "Udongo wa huku iko nguvu, inashika betoni pembeni." Kweli, wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu unashika sawa jiwe. Lakini tufani haikuji mwezi wa saba. Inakuja wakati wa mvua, na mvua ikisha kunyesha wiki mbili, maji inazunguka musingi na udongo unalegea. Tena udongo ulio chini ya ukingo wa betoni unabonyea. Musaada unaopungua siku ile unauhitaji, usiuandike kwenye hesabu.

Namna koefisienti inaliwa

Hata namba nzuri inaweza kuliwa kidogo kidogo, mupaka inabaki karatasi. Nimehesabu njia tano.

Ya kwanza ni kuchagua upepo mudogo. Kampuni moja inajisifu: "Sisi tunatumia koefisienti 2." Ingine inasema 1,5 tu. Nani iko na panno ya nguvu? Uliza upepo. Kama wa kwanza amehesabu upepo wa kilometre 60 na wa pili upepo wa kilometre 110, yule wa 1,5 anamupita yule wa 2 mara mbili na nusu. Namba kubwa ilikuwa kivuli tu.

Ya pili ni kuchanganya wastani na mupigo. Kituo cha hali ya hewa kinaweza kutoa wastani wa dakika 10, na kinaweza kutoa mupigo wa sekunde tatu. Kwenye uwanja wazi, mupigo unaweza kuwa mara moja na nusu ya wastani. Kwa sababu nguvu inapanda mara mbio kwa mbio, kosa lile peke yake linaongeza nguvu zaidi ya mara mbili. Limekwisha kumeza ile 1,5 yote, na njaa ingali.

Ya tatu ni neno "provizuari". Wanasema: "Panno hii ni ya miaka mitano tu, juu ya nini upepo wa miaka 50?" Upepo wa miaka 50 hauna kalenda. Kila mwaka uko na nafasi 2 kwa 100 za kupita. Kwa miaka mitano, nafasi zinakaribia 10 kwa 100. Kwa panno moja unaweza kusema ni kidogo. Lakini weka panno nyingi barabara nzima, zote za hesabu ile ile, na tufani moja inazipitia zote siku moja. Na ni nani hajaona kitu cha provizuari kinachozeeka pale pale?

Ya ine ni kuongeza juu ya mguu wa zamani. Panno ilihesabiwa kwa metre 12 za mraba. Mwaka unaofuata anakuja muteja mupya, anataka kubwa zaidi. Wanaunga vyuma na kuvuta bashi ya metre 18. Mguu ni ule ule, betoni ni ile ile. Nguvu imepanda nusu nzima, na 1,5 imekuwa 1, bila mutu kugusa plani. Wengine wanatoboa matundu madogo kwenye bashi na kusema upepo utapita. Matundu madogo hayapunguze nguvu sana. Ni dawa ya kutuliza roho.

Ya tano inajulikana na kila sudere: ekru na kutu. Panno inashikwa na buloni chini. Ekru mbili zikikosa, zile zinazobaki zinabeba kazi ya wote. Na upepo hausukume sawasawa kila pande. Kanuni za Ulaya zinaomba kuhesabu kama nguvu yote imesogea pembeni kwa robo ya upana, ni kusema metre moja kwa panno ya metre 4, juu ya kujua kama mguu utasokoteka. Chuma kilicholiwa na kutu kwenye shingo, pale maji inalala juu ya betoni, hakiwezi kuvumilia kusokotwa namna ile. Wachimbaji wanajua: ile sheria ya Marekani niliyotaja inadai pia kable iangaliwe kwa macho kila siku 14, hata kama iko na koefisienti kubwa. Namba nzuri haiondoe kazi ya kuangalia. Panno zetu, nani anaziangalia?

Yaliyopita Mumbai

Tusifikiri ni hadisi ya kutisha watoto. Tarehe 13 mwezi wa 5, 2024, kule Mumbai, muji mukubwa wa Uhindi, tufani ya vumbi na mvua iliangusha panno moja ya matangazo katika mutaa wa Ghatkopar. Ilianguka juu ya kituo cha mafuta. Watu 17 walikufa, na zaidi ya 70 waliumia. Panno ile ilikuwa na futi 120 kwa 120, ni kusema karibu metre 37 kila upande, wakati kanuni ya muji ilikubali futi 40 kwa 40 tu. Upande mara tatu ni eneo mara tisa, na nguvu ya upepo mara tisa.

Wataalamu waliochunguza walisema musingi ule uliweza kuvumilia upepo wa kilometre 49 kwa saa. Siku ile ulipita upepo wa kilometre 87. Na kwa muji ule, panno inatakiwa kuvumilia kilometre 158. Angalia zile namba tatu vizuri. Upepo wa siku ile haukuwa wa ajabu; ulikuwa chini sana ya ule uliotakiwa kuhesabiwa. Wale watu hawakuuawa na tufani kubwa. Waliuawa na musingi mudogo.

"Basi tutie 5, tumalize"

Mutu mwingine atakasirika na kusema: kama ni vile, tulazimishe koefisienti 5 kwa wote. Siungi mukono. Kwanza, 5 juu ya upepo wa uongo ingali uongo. Pili, simenti na chuma ni bei kali, na fundi mudogo anayetengeneza panno ya duka la dawa ao ya shule atashindwa, ataijenga kwa siri usiku bila hesabu yoyote. Sheria inayoomba zaidi ya kiasi inazaa udanganyifu. Tatu, vibao vidogo vya alama za barabara, vinavyokaa karibu na magari, ni vema vikubali kuvunjika gari likivigonga. Mulingoti mugumu sana unaua shofere.

Namba ifuate mahali na watu. Panno ndogo katikati ya shamba, ikianguka, inaponda nyasi. Hiyo inaweza kukaa na hesabu ya kawaida. Lakini panno ya ronpwe, ya areti ya bisi, ya mulango wa soko, ya kituo cha mafuta, ile ambayo ba mama wanakaa chini yake toka asubuhi mupaka jioni: ile isiwe chini ya 1,5 juu ya mupigo wa upepo wa miaka 50, bila kuhesabu musaada wa udongo. Na kama mwenyewe anataka kwenda 1,7 ao 2, tumupongeze. Tumeona ni mifuko michache ya simenti.

Kuko pia neno la ba mama wenyewe. Mara nyingi wanaambiwa: "Ni kosa lenu, muko munakaa chini ya panno." Neno lile linanichoma. Mama hakuchagua kukaa pale juu ya kusoma matangazo ya bia. Anakaa pale kwa sababu bisi ya wafanyakazi inasimama pale, na jua ni kali. Aliyeweka panno karibu na areti alijua watu watakuja. Juu ya hiyo alilipa pale bei kubwa kuliko porini. Anauza macho ya wale watu. Basi awalipie na usalama wao.

Tunaomba nini

Kwanza, kila panno kubwa iandikwe kwenye mguu, kwa rangi isiyofutika, vitu vine: metre za mraba zilizokubaliwa, upepo uliohesabiwa kwa kilometre kwa saa, koefisienti, na mwaka wa kusimamishwa. Krini ya mugodi inaandikwa tona inazoweza kubeba, na hakuna shefu wa ekipe anayekubali kuitumia bila ile namba. Juu ya nini panno iko juu ya vichwa vya watu bila kitu?

Pili, wakubwa wa komini na wa muji wanaopokea takse ya matangazo wasiishie kwenye kitabu cha risiti. Wapeleke mutu aone shimo mbele betoni haijamwagwa, kwa metre mukononi. Shimo likisha kufunikwa, hakuna anayeweza kujua kama lilikuwa la 1,20 ao la 2,20. Dakika kumi za siku ile zina faida kuliko tume ya uchunguzi ya kesho yake.

Tatu, upepo wetu upimwe na utangazwe. METTELSAT njo iko na kazi ya hali ya hewa katika inchi yetu. Serikali za Haut-Katanga na Lualaba ziombe mipigo ya upepo iliyoandikwa kwenye vituo vyake, na mainjenia wetu wakae pamoja watoe namba moja kwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mupaka siku ile, kila mutu ataendelea kuchagua upepo unaofaa mufuko wake.

Ine, makampuni ya migodi yaonyeshe mufano. Kwenye milango yao na kando ya barabara zao kuko panno za kuhubiri usalama wa kazi. Ni vizuri, lakini miguu ya panno zile nayo ihesabiwe na iandikwe. Vijiji vinavyozungumza na kampuni juu ya kaye de sharje vinaweza kutia sharti hilo ndani bila gharama kubwa.

Na wewe, papa unayefanya kazi ya sudere, na wewe kijana unayechimba misingi kwa siku: patro akikuambia "punguza shimo, hakuna atakayeona", muulize kwa heshima: "Mukubwa, tumehesabu upepo gani?" Asipojibu, umejua tayari iko namna gani. Betoni ile itabaki na mikono yako ndani yake, na siku ya tufani, mutoto anayekimbilia chini ya panno anaweza kuwa wako.

Mwezi wa kumi haujafika. Misingi iliyo midogo ingali inaweza kuongezwa betoni pembeni, ekru zilizokosa kurudishwa, bashi zilizopita kipimo kushushwa. Kazi hizo zote zinafanywa wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mukavu na hewa ikiwa imetulia.